Digrii ya Ualimu na Fasihi ya Kiingereza: Ina Faida Gani kwa Kijana wa Kendwa?

Ndugu wasikilizaji, wiki iliyopita nilikuwa Kendwa, Mkoa wa Kaskazini Unguja, kiasi cha kilomita 60 kutoka mjini. Sikwenda kuoga, ingawa wenyeji wa kule hujisifu, na kwa haki, kwamba maji yanapokupwa bahari yao haiwakimbii mbali kama inavyowakimbia watu wa Paje na Jambiani. Nilikwenda kuhani msiba. Baada ya dua tukakaa barazani, na kama mjuavyo, mtu anayesema redioni haachwi akapumzika. Kila mwenye suala lake alilileta.

Mzee mmoja, mvuvi wa siku nyingi, akanambia hivi: "Bwana, mwanangu wa kike kamaliza fomu siksi, na kapata nafasi ya kusomea ualimu na Kiingereza huko chuo kikuu. Miaka mitatu. Sasa hapa kijijini hoteli zimejaa. Kijana wa jirani yangu hata fomu foo hakumaliza, lakini Kiingereza anakisema, Kitaliano anakisema, na kila mwezi analeta chochote nyumbani. Hebu nambie, huyu wangu akasome Kiingereza gani tena ambacho hapa pwani hakipo?"

Binti mwenyewe alikuwa anapitisha kahawa upande wa wanawake. Alipoulizwa na shangazi yake akajibu kwa upole: "Baba ana haki ya kuuliza. Barua inasema nitasoma na fasihi. Kusoma nitasoma, lakini hiyo fasihi ya Kiingereza sijui nitakwenda kumfundisha nani, na kwa faida gani."

Ndugu wasikilizaji, siku ile nilijibu vya kujibu tu, kwa sababu gari ya mwisho ilikuwa inanisubiri. Njiani, tangu Kidoti mpaka Mahonda, nikawa nalirejea suala lile moyoni. Nikaona ni suala la nyumba nyingi, za shamba na za mjini, na linastahiki jibu la kirefu. Basi leo nawajibu wote wawili, mzee na binti yake.

Kwanza tueleze kitu chenyewe ni nini, maana wazazi wengi hulipa ada ya jambo wasilolijua. Digrii inayozungumzwa hapa ni Shahada ya Sanaa pamoja na Elimu. Kwa kawaida huchukua miaka mitatu. Mwanafunzi huchagua masomo mawili atakayokuja kuyafundisha sekondari, mathalani Kiingereza na Kiswahili, au Kiingereza na Historia. Juu ya masomo hayo mawili husoma elimu ya ualimu wenyewe. Ipo na digrii nyengine inayoitwa Shahada ya Elimu, ambayo uzito wake mkubwa uko kwenye taaluma ya malezi na ufundishaji, na ambayo huwafaa zaidi wale watakaofundisha kwenye vyuo vya ualimu. Majina yanakaribiana, kwa hivyo mzazi asione haya kuuliza ni ipi.

Hapa Unguja mlango huu haukuwapo zamani. Mtu aliyetaka digrii ilimbidi avuke bahari kwenda Dar es Salaam, au Makerere kule Uganda, au mbali zaidi. Chuo cha Ualimu cha Nkrumah, pale Beit-el-Ras, kilitoa walimu wengi wa visiwa hivi, lakini hao walitoka na cheti au stashahada. Mambo yakabadilika mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1998 kilianza chuo cha elimu cha Chukwani, kilichojengwa kwa juhudi za shirika la daktari wa Kuwait, Abdulrahman Al-Sumait, ambacho siku hizi ni chuo kikuu chenye jina lake. Mwaka huohuo kikaanza Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu. Sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Taifa, yaani SUZA, ilipitishwa mwaka 1999, na masomo yakaanza mwaka 2001. Baadaye Nkrumah nayo ikaingizwa ndani ya SUZA. Kwa hivyo binti wa Kendwa leo anaweza kupata digrii ya ualimu na Ijumaa akawa kwao anakula chakula cha mama yake. Jambo hilo bibi zake hawakuliota.

Kuingia kwake kuna masharti. Kiwango cha chini ambacho Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania imekuwa ikikitumia ni prinsipo mbili za kidato cha sita, zenye jumla ya pointi zisizopungua 4, na chuo huongeza masharti yake juu ya hapo. Mwenye stashahada ya ualimu naye anao mlango wake, akiwa na wastani wa 3.0 au zaidi. Huu mlango wa pili wazazi wengi hawaujui. Mtoto aliyeteleza kidato cha nne anaweza kupitia stashahada, akafika palepale, ingawa safari yake itakuwa ndefu zaidi.

Akishaingia atasoma nini? Mizigo yake ni mitatu. Mzigo wa kwanza ni kumjua mtoto: anavyokua, anavyofahamu, kwa nini mmoja anashika upesi na mwengine anachelewa, na kwa nini mtoto aliyetandikwa hasomi bali anaogopa tu. Wa pili ni kujua kazi: kupanga somo la dakika 40, kuandika maazimio ya kazi ya muhula mzima, kutunga mtihani unaopima kweli, na kusimama mbele ya watoto 60 sauti isikauke. Katika mzigo huo mna mazoezi ya kufundisha, ambapo mwanafunzi hupelekwa skuli kwa wiki kadhaa na mkufunzi wake huja kukaa nyuma ya darasa, kalamu mkononi. Wa tatu ni kulijua somo lenyewe, na hapa ndipo Kiingereza kinapogawika mikono miwili. Mkono mmoja ni isimu, yaani sauti za lugha, maumbo ya maneno na sarufi. Mkono wa pili ni fasihi: riwaya, tamthilia, ushairi na hadithi fupi.

Sasa turudi kwa mzee wetu na suala lake. Kiingereza cha pwani kina kasoro gani?

Mimi sikidharau. Kijana anayeweza kupanga bei ya safari ya mashua kwa lugha tatu ana akili, na papasi wengi wangekuwa wanafunzi hodari kama wangepata nafasi. Lakini Kiingereza kile kimepimwa kwa haja yake: salamu, bei, njia, chakula, bahari. Mgeni akitoka nje ya hapo, akauliza khabari za mirathi au za ugonjwa, kijana hucheka tu, na mgeni akafahamu kwamba maneno yameishia hapo. Lugha ile haimwezeshi kijana kusoma kurasa 10 za kitabu cha biolojia na kueleza kwa maneno yake mwenyewe alichokisoma.

Na hilo ndilo linalotakiwa darasani. Masomo mengi ya sekondari hapa kwetu hufundishwa kwa Kiingereza. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilikwenda mbali zaidi, ikaamua kwamba Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa lugha hiyo kuanzia darasa la tano. Wataalamu wameligombania jambo hili miaka mingi, na wapo wasemao kwamba mtoto angefahamu vyema zaidi kwa Kiswahili. Mimi nakubaliana nao kwa mengi. Lakini mtihani haungoji mpaka wataalamu wamalize ugomvi wao. Mtoto aliyekaa darasani leo akishindwa kulifahamu suala la kemia kwa sababu ya lugha, ameshindwa kemia. Kwa hivyo mwalimu wa Kiingereza katika skuli ya shamba amebeba somo lake na masomo ya wenzake vilevile. Akiwa dhaifu yeye, mwalimu wa jiografia na wa fizikia nao hutwanga maji. Ndiyo maana kijiji kikipata mwalimu mmoja wa Kiingereza aliyesoma sawasawa, faida yake inafika mbali kuliko mshahara wake.

Hapo naona mzee ananielewa. Lakini binti yake bado, maana suala lake ni gumu zaidi: mbona na fasihi? Kwa nini asisome sarufi tu, akaja kufundisha sarufi?

Nitamjibu kwa kitu anachokijua. Mwanamke akivaa kanga yenye maneno makali akapita mbele ya mlango wa jirani yake, hakuna neno alilolitamka, lakini mtaa mzima umesikia. Anayejua herufi tu ataisoma ile kanga na asifahamu kitu. Anayefahamu atajiuliza kwanza: nani kaivaa, kapita kwa nani, siku gani, na baada ya ugomvi gani? Hiyo ndiyo kazi ya fasihi. Humfundisha mtu kusoma neno pamoja na aliyelisema, aliyeambiwa na sababu ya kusemwa. Watu wa pwani kazi hii tunaifanya kila siku katika taarabu na mafumbo. Chuo kikuu huipa majina na utaratibu, na huifanya kwa vitabu.

Tuchukue mfano mmoja. Kwa miaka mingi miongoni mwa vitabu vya Kiingereza vilivyosomwa katika sekondari zetu imekuwamo tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o, *The Black Hermit*. Aliiandika akiwa mwanafunzi wa Makerere, na ilichezwa Kampala mwezi Novemba 1962, Uganda ilipokuwa inasherehekea uhuru. Ni khabari za kijana Remi, wa kwanza katika kabila lake kufika chuo kikuu, anayekimbilia mjini na kukataa kurudi. Kijiji kinamtaka arudi, wazee kwa sababu zao, mama yake kwa sababu zake, na mke aliyeachwa nyuma anangojea.

Mwalimu aliyefundishwa vibaya ataandika ubaoni majina ya wahusika na maudhui matano, wanafunzi wanakili, wakariri, wafaulu au wafeli, na kitabu chenyewe hawakukifungua. Mwalimu aliyefundishwa vizuri atawauliza watoto wa Kendwa na Nungwi: nani kati yenu ana kaka aliyekwenda mjini au Maskati na hajarudi? Remi kakosea au kakosewa? Hapo mtoto atanyanyua mkono, na kwa mara ya kwanza atajaribu kusema kwa Kiingereza jambo analolijali kweli. Atakosea sarufi, lakini atakuwa anasema. Lugha huingia kwa mtu mwenye jambo la kusema, na fasihi ndiyo inayompa jambo hilo.

Wapo watakaosema: lakini hiyo fasihi ya Kiingereza si ya Waingereza? Suala hili lina historia, na ni la hapahapa Afrika Mashariki. Mwezi Juni 1962 Makerere ilikaribisha mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Baadaye Ngũgĩ mwenyewe, aliyekuwamo mkutanoni, alilalamika kwamba kwa sharti lile la lugha mtu kama Shaaban Robert hakuwa na nafasi, na huku ni bingwa mwenye vitabu kadhaa vya Kiswahili. Kisha mwezi Oktoba 1968, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ pamoja na Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Hawakusema Shakespeare achomwe moto. Hoja yao ilikuwa kwamba Mwafrika aanze na Afrika, pamoja na fasihi simulizi yake, kisha ndiyo atazame ulimwengu. Walibadilisha mafundisho ya fasihi katika vyuo vingi vya upande huu wa dunia. Mwanafunzi wa leo anayesoma Achebe, Soyinka na Okot p'Bitek kabla ya kufika kwa Waingereza anakula matunda ya ugomvi ule. Ngũgĩ alifariki mwezi Mei 2025, lakini kazi ile imebaki.

Na mbona twende Nairobi? Tunaye wetu. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja aliyezaliwa mwaka 1948, aliondoka hapa akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, akaenda Uingereza bila ya fedha. Watu humtaja kwa ile Tuzo ya Nobel ya Fasihi aliyoipata mwezi Oktoba 2021. Wachache hutaja alianza wapi. Alianza katika chuo cha ualimu, Christ Church, mjini Canterbury, akapata shahada ya elimu, kisha akafundisha sekondari katika mji wa bandari wa Dover. Baadaye akafundisha chuo kikuu Kano, Nigeria, akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, na hapohapo Kent akawa profesa wa fasihi ya Kiingereza mpaka alipostaafu. Kwa hivyo njia aliyoandikiwa binti wa Kendwa katika barua yake, ualimu pamoja na fasihi ya Kiingereza, ndiyo aliyoipita mwandishi huyu.

Tena pana jambo la kutia moyo. Riwaya yake ya mwaka 1994, *Paradise*, iliyoandikwa kwa Kiingereza lakini inasema khabari za pwani na bara yetu, ilifasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022 kwa jina la *Peponi*. Kazi ile isingewezekana kwa mtu anayejua lugha moja tu. Na kabla ya hapo Mwalimu Nyerere, aliyesomea ualimu Makerere tangu mwaka 1943 hadi 1945, alimfasiri Shakespeare, akatupa *Julius Caezar* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Kumbe aliyesoma fasihi ya Kiingereza sawasawa anaweza kuwa mtumishi mkubwa wa Kiswahili.

Ndugu wasikilizaji, nisije nikaonekana nauza bidhaa bila ya kusema kasoro zake. Zipo, na mzee wa Kendwa anazihisi hata kama hakuzitaja zote.

Kasoro ya kwanza ni ajira. Zamani aliyemaliza ualimu alipangiwa skuli, akachukua sanduku lake akaenda. Siku hizi nafasi hutangazwa, na waombaji ni wengi kuliko viti, khasa kwa masomo ya sanaa. Mtu akiniambia kwamba digrii hii ni mshahara wa hakika, nitamwambia anamdanganya mtoto. Kasoro ya pili ni fedha. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, imewasaidia wengi, lakini mkopo ni deni na deni hulipwa. Juu yake kuna dahalia, nauli, vitabu na chakula.

Kasoro ya tatu iko ndani ya vyuo vyenyewe. Madarasa yamejaa. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa katika ukumbi wa chuo kimoja, sikitaji, ambapo mhadhiri wa riwaya alisoma muhtasari tangu mwanzo hadi mwisho, na wanafunzi walioniketi jirani wakakiri kwamba hakuna aliyekuwa na kitabu. Anayesomeshwa kwa muhtasari atasomesha kwa muhtasari. Na mazoezi ya kufundisha, ambayo ndiyo moyo wa kazi, ni wiki chache, na mkufunzi mwenye wanafunzi wengi hupita mara moja au mbili, akasaini, akaenda zake.

Kwa hivyo nawapa wazazi na vijana masuala manne ya kuuliza kabla ya kutia saini. Kwanza, digrii hii itanipa masomo mangapi ya kufundishia, na yepi? Anayechanganya Kiingereza na somo jengine linalotafutwa ana mlango wa ziada. Pili, mazoezi ya kufundisha ni wiki ngapi, na mkufunzi huja mara ngapi? Tatu, vitabu vinavyosomwa vimo maktaba, au mna picha za kurasa tu? Nne, na hili mtoto ajiulize mwenyewe usiku: je, nimewahi kusoma kitabu kimoja cha Kiingereza kwa hiari yangu mpaka ukurasa wa mwisho? Kama bado, aanze leo, kabla ya kwenda. Kama amejaribu na kinamchosha, basi achague njia nyengine bila ya aibu. Watoto wetu wana haki ya kutopewa mwalimu aliyeingia kwa kukosa pengine pa kwenda.

Mzee wangu wa Kendwa, wewe uliniuliza Kiingereza gani tena ambacho pwani hakipo. Jibu langu ni kwamba pwani kipo Kiingereza cha kumuuzia mgeni. Binti yako anakwenda kutafuta kile kitakachomwezesha mjukuu wako kukisoma kitabu cha daktari, mkataba wa ardhi, na barua inayotoka ofisini. Ardhi ya kule pwani inatafutwa na wengi, na mikataba yake wewe unajua huandikwa kwa lugha gani. Siku kijiji kitakapokuwa na mtu wake wa kuusoma mkataba mpaka mstari wa mwisho, na kuuliza neno hili lina maana gani na limewekwa kwa faida ya nani, hapo utaona fasihi inafanya kazi.

Jana nilimpigia simu yule jamaa yangu wa Kendwa kumjulia hali baada ya msiba, nikamuuliza na khabari za binti. Akanambia mzee hajasema ndiyo wala la, lakini amekwenda kwa mwenye duka kuuliza bei ya godoro la dahalia. Wavuvi hawana haraka ya kusema; hutazama upepo kwanza, kisha utawaona wanatweka tanga.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, Inshaallah.